Ukipigwa Tochi, Usiyamalize Pembeni

Lami imefika, na tochi imekuja nayo. Barabara ya Tabora hadi Mpanda kupitia Sikonge na Koga, zaidi ya kilometa 340 zilizojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imewatoa watu wa Katavi kwenye enzi za kulala njiani masika na kuitegemea treni ya Kaliua. Hakuna anayetaka kurudi huko. Lakini lami ikinyooka, mguu wa dereva nao unakuwa mzito. Unakata pori la miombo muda mrefu bila kupishana na gari, mara kibao cha 50, nyumba za tofali, mbuzi, bodaboda wamejipanga kivulini, na mtoto anavuka na ndoo kichwani. Hatua chache mbele ya kibao, mkono wa askari umeinuka.

Aliyesimamishwa hapo ana njia nne. Anaweza kukubali kosa na kulipa. Anaweza kukana na kuomba apelekwe mahakamani. Anaweza kushuka, kuzunguka nyuma ya gari na kuyamaliza. Au anachukua karatasi, anaitupa kwenye dashibodi na kuisahau. Wengi wanazijua vizuri ya kwanza na ya tatu. Ya pili, ambayo ni haki yao kamili, wanaiona kama mzaha, na hilo ndilo linalotusumbua leo.

Tuanze na sheria yenyewe, maana mabishano mengi ya barabarani huwa hayajaifikia. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inaweka ukomo wa kilometa 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Magari makubwa ya abiria na ya mizigo, yale yanayozidi kilo 3,500, hayaruhusiwi kupita 80 hata kama ni porini na hakuna nyumba hata moja. Ukizidisha, askari anaweza kukuandikia faini papo hapo badala ya kukupeleka kwa hakimu. Faini hiyo ni shilingi 30,000 kwa kosa. Kwa pikipiki na bajaji ilishushwa hadi 10,000 kupitia bajeti ya mwaka 2021, na ilikuwa haki ishushwe, kwani bodaboda aliyekuwa akitozwa sawasawa na basi la abiria 60 alikuwa anaonewa waziwazi.

Sasa jambo ambalo madereva wengi hawalijui. Kifungu cha 95 cha sheria hiyo, kinachompa askari uwezo wa kuandika faini, kimejengwa juu ya ridhaa ya dereva. Karatasi anayokuandikia, ile fomu PF 101, si hukumu. Ni taarifa kwamba unatuhumiwa, na inakutaka useme kama unakubali kosa. Ukikubali, unalipa na shauri limekwisha. Ukikataa, askari hana mamlaka ya kukutia hatiani pale kando ya barabara, hata kama ana nyota ngapi begani. Kinachofuata ni mahakama. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa anayo hatia, na haikuwatoa madereva.

Mashine za mkononi zimelifuta kimyakimya swali la kukubali au kukana. Zamani askari aliandika kwa kalamu, akakugeuzia kitabu utie sahihi, na hapo angalau ulipata nafasi ya kusema neno. Siku hizi anaingiza namba za gari, anachagua kosa, anabofya, karatasi inatoka na deni limeshaingia kwenye mfumo. Kwa ukusanyaji wa mapato ni jambo jema sana, na fedha haipiti tena mkononi mwa askari. Lakini mara nyingi dereva haulizwi kama anakubali. Anapewa karatasi kama anayepewa risiti ya mafuta. Tunaliomba Jeshi la Polisi lilirudishe swali hilo mdomoni mwa askari kabla kidole hakijafika kwenye kitufe: "Kosa ni hili, ushahidi ni huu, unakubali?" Haitachukua hata nusu dakika.

Na ushahidi uonekane. Tochi nyingi za sasa zinapiga picha, na picha hiyo inabeba namba za gari, mwendo, tarehe na saa. Dereva mwenye adabu na akili haanzi kwa kufoka. Anasema, "Afande, naomba nione picha." Akishaonyeshwa, asome kweli. Namba ni zake? Au ni za Probox iliyokuwa inampita wakati huo? Saa inalingana? Picha imepigwa wapi, kabla ya kibao au baada? Swali hilo la mwisho lina uzito wa pekee, kwa kuwa siku hizi anayepiga tochi anaweza kuwa kilometa kadhaa nyuma na kumtumia mwenzake picha kwa simu. Anayekusimamisha hakukuona ukipita. Ana picha tu, na ni haki yako kujua ilitoka upande gani wa kibao.

Kuhusu vibao, hapa lawama inahama kutoka kwa polisi kwenda TANROADS, halmashauri, na sisi wananchi. Vibao vya barabarani vinang'olewa na kuuzwa chuma chakavu. Vingine, ikifika Machi na Aprili, majani yanavimeza hadi shingoni. Kinachosahaulika zaidi ni kibao cha kumaliza 50, kile chenye mistari iliyokatiza. Kikikosekana, dereva mwaminifu anabaki kwenye 50 hadi kijiji kinachofuata huku wenzake wakimpigia honi, na yule asiye na subira anajiamulia mwenyewe mji umeishia wapi. Akipigwa tochi hapo, nani ana kosa?

Ndiyo maana ule ugomvi wa trafiki kujificha kwenye vichaka hautushughulishi kama unavyowashughulisha wengine. Kila anayeandikiwa faini analalamika kwamba askari alikuwa nyuma ya mti. Sawa, alikuwa nyuma ya mti. Ila kibao cha 50 kilikuwa wazi, au hakikuwa wazi? Kama kilikuwa wazi, askari akae anapotaka, hata juu ya mwembe. Dereva anayepunguza mwendo kwa sababu tu kamwona askari, au kwa sababu wenzake wamemwashia taa, hajapunguza kwa ajili ya mtoto mwenye ndoo. Na kama kibao hakipo, hata askari aliyesimama katikati ya lami na koti lake la kung'aa hana uhalali wa kumwandikia mtu. Bunge limewahi kupoteza muda mwingi kwenye vichaka. Lingeutumia kwenye vibao.

Turudi kwenye njia zile nne. Kulipa ndiyo njia nyepesi, na kwa aliyezidisha mwendo kweli ndiyo njia sahihi. Karatasi ina namba ya malipo, ile ambayo kila mtu anaiita kontrolo namba. Unalipa kwa simu ukiwa umekaa kwenye mgahawa, ujumbe unaingia, umemaliza. Una siku 7. Zikipita, inaongezeka asilimia 25, yaani 30,000 inakuwa 37,500. Mtu anayeacha siku hizo zipite akiwa na pesa kwenye simu hana wa kumlilia.

Njia ya kusahau karatasi ni ya kujidanganya, kwa sababu deni halimfuati dereva bali namba za gari. Yeyote anaweza kuingia kwenye mfumo wa polisi, akaandika namba za gari na kuona gari hilo linadaiwa nini. Askari wa kituo kinachofuata anaweza pia, na akikuta deni gari linalala. Wanaoumia zaidi ni wanunuzi wa magari ya mkono wa pili. Mkulima wa tumbaku wa Ugalla anapata malipo yake, anakwenda Tabora au Mwanza, ananunua Noah iliyopigwa rangi vizuri, anarudi nayo kwa furaha, na kwenye kizuizi cha kwanza anaambiwa inadaiwa makosa ya mtu asiyemjua. Bwana, kabla hujahesabu noti, omba namba za gari na uzitazame kwenye mfumo. Ni jambo la dakika mbili, na muuzaji anayekasirika ukifanya hivyo ameshakupa jibu.

Kuna na dhuluma nyingine inayojificha humo. Mwenye basi anampangia dereva muda wa kufika usiotekelezeka kwa mwendo halali, kisha faini ikija anaikata kwenye posho ya dereva huyohuyo. Kwenye karatasi dereva ndiye mkosaji. Aliyeamuru mwendo hajaonekana kwenye picha ya tochi. LATRA, yenye mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi ya masafa marefu kwa setilaiti, ina uwezo wa kumwona bosi huyu kwa njia ambayo askari wa barabarani hana: ikague ratiba yenyewe, si basi peke yake.

Sasa pembeni. Tuseme kama inavyosemwa. Dereva anashuka na leseni mkononi, ndani ya leseni kuna noti ya 10,000 iliyokunjwa. Maneno ni machache: "Mkuu, tusaidiane, ya maji hii." Leseni inarudi nyepesi kuliko ilivyokwenda. Abiria wanatazama dirishani kama hawaoni. Dereva anapanda akijiona ameokoa 20,000.

Ameokoa nini hasa? Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya mwaka 2007, haimtazami anayepokea peke yake. Anayetoa naye ni mkosaji, na kifungu cha 15 kinaweka adhabu ya faini isiyopungua 500,000 na isiyozidi milioni moja, au kifungo cha miaka 3 hadi 5, au vyote viwili. Mtu amejiweka kwenye hatari ya jela kwa kukwepa faini ya kosa dogo. Hata hivyo hatutaki kuishia kwenye hofu ya jela, kwani kila dereva anajua ni wangapi wamefungwa kwa ajili ya noti moja ya barabarani. Ubaya wa pembeni ni kwamba unafuta kumbukumbu. Dereva wa basi aliyekamatwa akikimbia 110 kwenye kijiji, akatoa ya maji, ameondoka akiwa msafi. Kesho atakamatwa kwingine, atatoa tena. Siku atakapopinduka na watu, mfumo utaonyesha hana kosa hata moja. Wanaohoji baadaye jinsi mtu wa aina hiyo alivyopewa basi hawataona jibu kwenye kompyuta, maana jibu lilibaki kwenye mfuko wa shati la mtu.

Pia pembeni inamwonea asiye na kosa. Askari mwenye njaa hana haja ya picha wala kibao, anahitaji dereva mwenye haraka tu. Dereva aliyebeba nyanya za Mpanda anajua kila saa inayopita ni hasara, na askari wa aina hiyo naye anajua. Ukiombwa, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Malalamiko mengine yana mlango pia: Mkuu wa Usalama Barabarani wa mkoa, na juu yake Kamanda wa Polisi wa mkoa. Andika tarehe, saa, mahali, na jina lililo kwenye kifua cha askari. Malalamiko yasiyo na hivyo vinne ni soga za kijiweni.

Kuna upande wa faini ambao tunautaka ubadilike kabisa. Aliyepita kijijini kwa 54 na aliyepita kwa 104 wote wanaandikiwa 30,000. Wa kwanza amepitiwa, wa pili alikuwa anaelekea kuua. Kenya iliona tatizo hili na mwaka 2016 ikapanga faini kwa ngazi: aliyezidisha kilometa 1 hadi 5 anaonywa, 6 hadi 10 analipa shilingi 500 za kwao, 11 hadi 15 analipa 3,000, na 16 hadi 20 analipa 10,000. Ufini inakwenda mbali zaidi, inapima na kipato. Mwaka 2023 tajiri Anders Wiklöf wa visiwa vya Åland alikutwa akienda 82 kwenye eneo la 50 na akalipa euro 121,000. Hatusemi tuige hilo la kipato, kwani kwetu nusu ya matajiri kwenye makaratasi ni wakulima wadogo. Ngazi za Kenya lakini zinawezekana hapa kesho asubuhi, maana tochi tayari inaandika mwendo na mashine tayari inajua kuhesabu.

Na ngazi hizo zina sababu ya kitaalamu. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa inaongezeka mara 4.5 gari linapotoka 50 kufika 65. Kilometa 15 tu. Dereva akiwa ndani hasikii tofauti, kioo kimefungwa na muziki unapiga.

Kwa hiyo madereva nao wapige hesabu. Kijiji cha urefu wa kilometa mbili ukikipita kwa 50 kinakuchukua dakika 2 na sekunde 24. Ukikipita kwa 80 ni dakika moja na nusu. Umeokoa sekunde 54. Ukifanya ujanja huo kwenye vijiji 10 kati ya Tabora na Mpanda, umefika dakika 9 mapema, muda ambao utaupoteza wote kubishana na askari mmoja. Na kwa wanaoendelea Sumbawanga, ukipita Sitalike unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako anayevuka barabara anaweza kuwa tembo au kiboko. Waliopita Mikumi wameliona bango linalotaja bei ya kila mnyama kwa dola. Pale 30,000 inaonekana ya upole.

Tumebakiwa na njia ya pili, ya kukana. Tumesema ni haki na wengi wanaiona mzaha, nao wana sababu. Chukua dereva wa Fuso kutoka Ugalla anayeamini kabisa kwamba picha si ya gari lake. Akikataa, gari linaweza kuzuiliwa. Atatakiwa arudi Mpanda siku ya kesi, na kesi ikiahirishwa arudi tena. Nauli, chakula, mzigo unaooza, tajiri anayepiga simu. Kuitetea haki ya 30,000 kunamgharimu laki. Mtu mwenye akili timamu atalipa kosa asilolifanya, au atashuka na noti kwenye leseni. Mradi haki ya kukana ni ghali kuliko faini, na faini ni ghali kuliko rushwa, hakuna semina ya maadili itakayobadili kinachotokea nyuma ya gari.

Hili linarekebishika bila kungoja sheria mpya. Kwanza polisi waache kuzuia gari kwa sababu tu dereva amekana. Namba zake zipo, leseni yake ipo, simu yake ipo, atakwenda wapi? Pili, mahakama itenge siku moja ya wiki Mpanda kwa kesi za barabarani tu, dereva apangiwe siku inayolingana na safari zake, askari aje na picha, na kesi isikilizwe na kuamuliwa siku hiyohiyo. Kesi ya tochi haihitaji mashahidi kumi. Inahitaji picha, mahali pa kibao, na maneno ya watu wawili.

Tatu, Mahakama ya Tanzania ina magari ya mahakama inayotembea. Yalizinduliwa Februari 2019, yakaanza kazi Dar es Salaam na Mwanza, miji ambayo tayari ina majengo ya mahakama kila kona. Moja lingefaa zaidi kwenye barabara hii. Lisimame Inyonga siku moja, Mpanda siku nyingine, na mara moja kwa mwezi lisogee upande wa Ugalla. Hakimu akae, picha iwekwe mezani, na askari aulizwe alisimama wapi na kibao kilikuwa wapi.